Kilo za Nani? Uchambuzi wa Vifaa Vyepesi vya Safari za Mlimani

Katika hesabu za watembeaji wa masafa marefu, uzito wa shanta hugawanywa katika mafungu matatu ambayo hayana budi kutenganishwa kabla hoja yoyote kuhusu wepesi haijajengwa. Fungu la kwanza ni uzito wa msingi, yaani shanta lenyewe na kila kilichomo isipokuwa vitu vinavyoisha njiani. La pili ni uzito wa matumizi, ambao ni chakula, maji na gesi ya kupikia, na hupungua siku hadi siku. La tatu ni uzito unaovaliwa, yaani viatu, nguo za mwilini na fimbo za kutembelea, ambao wengi husahau kuuhesabu. Kwa desturi iliyoenea Marekani, mtu ambaye uzito wake wa msingi hauzidi kilo 9 huhesabiwa kuwa msafiri mwepesi, na yule asiyezidi kilo 4.5 huhesabiwa kuwa mwepesi wa kupindukia. Mipaka hiyo haikutoka katika maabara yoyote. Ni pauni 20 na pauni 10 zilizogeuzwa kuwa kilo, namba zilizopendwa kwa kuwa ni kamili, na kwa hiyo mtu asiyefikia mojawapo kwa gramu 300 hana sababu ya kukata mpini wa mswaki wake.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko majina hayo. Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, alitembea peke yake Njia ya Appalachia kutoka Georgia hadi Maine, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na raba za kawaida miguuni na mfuko aliojishonea mwenyewe begani, ambamo alitia blanketi la jeshi, koti la mvua na pazia la plastiki la bafuni alilolitumia kujikinga na mvua. Mwaka 1992 Ray Jardine, aliyekuwa mhandisi wa vyombo vya anga kabla ya kuhamia milimani, alichapisha mwongozo wa njia ya Pacific Crest ambamo aliwahimiza wasomaji wajishonee mashanta yasiyo na fremu, walale chini ya turubai badala ya hema, na wavae viatu vya kukimbilia badala ya mabuti ya ngozi. Watu hao wawili walitofautiana sana kwa elimu na kwa fedha, lakini walifanana kwa jambo moja ambalo wafuasi wao hulipita haraka: kila mmoja aliujua mgongo utakaobeba, kwa sababu ulikuwa wake. Fundisho la wepesi lilizaliwa mahali ambapo mwenye mzigo na mbebaji ni mtu mmoja, na linapoletwa Kilimanjaro hukuta watu wawili.

Kabla ya kuwafikia watu hao wawili, inafaa kuutazama mwili unavyopokea mzigo, kwa maana mwili hauhesabu kilo zote sawasawa. Uchunguzi uliofanywa kwa askari tangu miaka ya 1960 umeonyesha kwamba kilo moja iliyo mguuni humgharimu mtembeaji nguvu takribani mara nne hadi sita ya zile ambazo kilo hiyo ingemgharimu ikiwa mgongoni, kwa kuwa mguu huinuliwa, husukumwa mbele na husimamishwa upya maelfu ya mara kwa siku. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa G.M.O. Maloiy na wenzake uliofanywa nchini Kenya kwa wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu walioibeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Ilibainika kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila matumizi yao ya oksijeni kuongezeka. Kwa mtu wa kilo 60, huo ni mzigo wa kilo 12 unaobebwa, kwa hesabu ya pumzi, bure. Utafiti uliofuata ulieleza siri hiyo kwa mwendo wenyewe: mbebaji aliyezoea tangu utotoni huyumba kama timazi, akitumia nguvu ya hatua iliyotangulia kuinua hatua inayofuata, na mtu aliyevaa shanta kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 30 hawezi kuununua ustadi huo dukani. Hata hivyo unafuu huo una kikomo. Mzigo ukipita asilimia 20 gharama huanza kupanda, na shingo, ambayo haikupimwa kwa oksijeni, ina malalamiko yake.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ilipima mizigo kwa frasila, kipimo cha takribani kilo 16, na mpagazi alikadiriwa kubeba zipatazo frasila mbili. Leo, katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe, na mizigo hupimwa kwa mizani langoni kabla ya safari kuanza. Wapagazi hao, ambao mlimani hujulikana kwa jina la wagumu, huweka begi la mgeni kichwani au nyuma ya shingo, mara nyingi juu ya kata ya nguo, huku mgongoni wakiwa na shanta dogo lenye nguo na blanketi zao. Mgeni kwa upande wake hubeba mkoba wa mchana wenye maji lita tatu, koti la mvua, nguo moja ya joto na kitafunio, uzito ambao kwa kawaida hauzidi kilo 8.

Hapa ndipo hesabu ya wepesi inapogeuka. Kundi la wageni sita ambao kila mmoja amepunguza kilo tano katika begi lake limeondoa kilo 30, yaani mzigo mmoja na nusu wa mpagazi, na akili ya haraka ingesema kwamba wagumu wa kundi hilo watapanda wakiwa wepesi zaidi. Lakini kampuni inayopanga safari hugawanya jumla ya kilo kwa kikomo cha mizani, kwa hiyo matokeo ya kupunguza kilo 30 ni kwamba mtu mmoja au wawili hawataajiriwa safari hiyo, na waliobaki watabeba kilo 20 zile zile. Ni halali kubishana kama hilo ni jema au baya, kwa maana mlima wenye watu wachache huchakaa polepole na familia yenye mshahara mdogo huumia haraka. Lisilobishaniwa ni kwamba kinachomwokoa mbebaji ni mizani langoni na uaminifu wa anayeisoma, na kwamba mgeni anayejisifia hema la gramu 900 huku kiti chake cha kulia, meza na choo cha kubebeka vikipandishwa na wengine hajapunguza kitu, amekihamisha.

Faida ya kweli ya vifaa vyepesi katika Afrika Mashariki iko kwa wale wanaobeba wenyewe: watembeaji wa Usambara wanaovuka vijiji kutoka Lushoto hadi Mtae, wapandaji wa Aberdare na Mlima Kenya, na wote ambao bajeti yao haimudu kuajiri mtu. Kwa hao, ushauri wa kuanza na vitu vikubwa ni sahihi, kwa kuwa shanta, hema na malazi kwa pamoja huchukua kwa kawaida zaidi ya nusu ya uzito wa msingi, na kubadilisha kimoja kati ya hivyo huokoa zaidi ya kubadilisha vijiko na vikombe vyote. Utaratibu, hata hivyo, ni muhimu: shanta hununuliwa mwisho. Shanta lisilo na fremu, ambalo huweza kuwa chini ya nusu kilo, hukaa vizuri mgongoni likiwa na mzigo wa kilo 8 au 9, na likijazwa kilo 15 mikanda yake huning'inia mabegani kama ndoo za mchota maji. Anayelinunua kabla ya kupunguza vilivyomo amejinunulia maumivu.

Mfuko wa kulalia ndicho kifaa chenye mengi ya kueleza, na ndicho ambacho wauzaji wameweza kukipamba kwa namba. Mfuko mwepesi hujazwa vinyoya laini vya kifuani mwa bata au bata bukini, ambavyo huzuia joto kwa kunasa hewa, na ubora wa vinyoya hupimwa kwa uwezo wake wa kuvimba: gramu 28 za vinyoya vya kiwango cha 600 hujaza nafasi ya lita karibu 10, na za kiwango cha 900 hujaza lita karibu 15. Namba hiyo kubwa haisemi kwamba mfuko una joto zaidi, maana mfuko wenye vinyoya vichache vya kiwango cha 900 unaweza kuwa baridi kuliko wenye vingi vya kiwango cha 600. Inasema tu kwamba joto lile lile limepatikana kwa gramu chache. Kuhusu joto lenyewe, kipimo cha kimataifa cha ISO 23537, kilichorithi kile cha Ulaya cha mwaka 2002, humlaza mfukoni mwanasesere mwenye vihisio vya joto na kutoa nyuzi tatu: ya faraja, ambayo mtu mwenye kuhisi baridi upesi hulala bila shida, ya kikomo, ambayo mtu asiyehisi baridi upesi hulala akiwa amejikunyata, na ya hatari, ambayo mtu huponea tu. Watengenezaji wengi huandika nje ya mfuko nyuzi ya pili, na mnunuzi asiyejua huidhani ya kwanza. Kambi za mwisho za Kilimanjaro ziko juu ya mita 4,600, usiku wake hushuka chini ya sifuri mara kwa mara, na mtu aliyechoka na kukosa hamu ya kula, kama wapandaji wengi wanavyokuwa huko, hutoa joto kidogo kuliko mwanasesere wa maabara. Kwa hiyo kuokoa gramu 300 kwa kushuka daraja moja la mfuko ni biashara mbaya.

Vinyoya vina adui mmoja, maji. Vikilowa hujikunja na kuacha hewa, na mfuko wa kilo moja hugeuka kuwa shuka la mvua. Njia za Machame na Lemosho za kupandia Kilimanjaro huanzia msituni, ambako ukungu na mvua haviulizi majira, na hema nalo hutoa jasho: pumzi za watu wawili waliolala hugeuka matone kwenye ukuta wa ndani, hasa pale hema la ngozi moja linapofungwa madirisha. Mwongozo wa kigeni utamwambia msafiri atandaze mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya shanta, ushauri mzuri na wa bei ndogo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Badala yake hutumika mfuko wa nailoni wenye utando usiopitisha maji na mdomo unaokunjwa mara tatu kabla ya kufungwa. Una uzito wa gramu 50 hadi 100, na hizo ni gramu ambazo hazistahili kuonewa uchungu. Aliye na fedha kidogo, au anayekwenda Rwenzori ambako hakuna kinachokauka, hupata utulivu zaidi kwa mfuko wa nyuzi za sintetiki, ulio mzito kidogo lakini unaobaki na sehemu ya joto lake ukiwa umelowa.

Godoro hudharauliwa na kumbe ndilo nusu ya mfuko, kwa kuwa vinyoya vilivyolaliwa hubanwa na uzito wa mwili na havinasi hewa tena. Uwezo wa godoro kuzuia baridi ya ardhi hupimwa kwa kiwango kinachoandikwa R, na kwa ardhi inayoganda usiku kiwango cha 4 au zaidi ndicho cha kutegemewa. Godoro la kupuliza hutoa kiwango hicho kwa gramu chini ya 500, ila mawe ya volkano yana ncha kali na tundu la upana wa sindano humshusha mlalaji chini kabla ya saa nane za usiku. Kipande chembamba cha sponji chini yake, ile sponji ngumu ambayo vishimo vyake havipitishi hewa wala maji, huongeza joto, hulinda godoro, na mchana hukaliwa.

Kuhusu nguo, anayeishi Afrika Mashariki ana bahati ambayo hata wenye maduka makubwa hawana, nayo ni mitumba. Masoko kama Memorial mjini Moshi, Karume jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi yana sweta za flisi, suruali za nailoni na makoti ya vinyoya kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya ile ya dukani, na mwenye jicho zuri hubeba mizani ndogo ya jikoni mkobani. Kinachokwepwa ni pamba: fulana ya pamba hunywa jasho, hukaa mbichi, na huondoa joto mwilini mara upepo unapoanza. Viatu navyo vimeshatajwa kwa kanuni ya mguu, na katika njia kavu viatu vya kukimbilia milimani humfaa mtembeaji mwenye mzigo mdogo. Lakini katika matope ya Rwenzori, ambako mguu huzama hadi juu ya kifundo, mabuti ya mpira huvishinda viatu vyote vya bei mbaya, na hapo kanuni hukaa kimya. Jikoni hakuna mengi. Katika mita 4,700 maji huchemka kwa nyuzi takribani 85, kwa hiyo maharage makavu hayaivi kwa muda wa maana na gesi huisha kabla yake; anayebeba mwenyewe huchukua vyakula vilivyokwisha kupikwa na kukaushwa.

Vifaa vyepesi vina bei ya pili ambayo hailipwi dukani. Kitambaa chembamba huchanika upesi, zipu ndogo huchakaa upesi, na utando mwembamba hubanduka upesi, kwa hiyo gramu zilizookolewa hurudishwa kwa saa za utunzaji. Katika fungu hili ushauri wa nchi za baridi hupungukiwa zaidi, kwa kuwa vifaa vingi vya watu wa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar haviharibikii mlimani, huharibikia kabatini. Poliuretani, plastiki inayopakwa ndani ya mahema na makoti ya mvua ili kuzuia maji, na ambayo pia hutengenezewa tabaka la katikati la soli za viatu vingi, huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewa, na joto huharakisha kazi hiyo. Dalili za kwanza huonekana kwa mikono: sakafu ya hema iliyokunjwa miaka mitatu hunata kama gundi inapofunguliwa, hutoa harufu ya kitu kilichochacha, na magamba meupe hubaki vidoleni. Katika viatu hakuna dalili. Buti lililovaliwa mara mbili na kuhifadhiwa ndani ya boksi lake kwa miaka minane hutazamika jipya, na saa ya pili ya safari tabaka la katikati humeguka kama biskuti iliyolowa chai, soli ikabaki njiani. Fundi viatu wa mtaani, ambaye kwa sindano na uzi wa nailoni huzungushia soli mshono unaodumu kuliko gundi ya kiwandani, anaweza kuokoa kiatu kilichoachia gundi. Hawezi kuokoa kiatu ambacho tabaka la katikati limekufa, kwa kuwa uzi hauna pa kushika. Kinga yake ni kuvivaa mara kwa mara na kuvihifadhi penye hewa, na kabla ya safari kubwa kuibonyeza soli kwa kidole gumba kuzunguka kiatu chote.

Mfuko wa vinyoya usikae umebanwa katika gunia lake dogo baada ya kurudi, kwa maana vinyoya vilivyobanwa miezi husahau kuvimba. Hutiwa katika mfuko mpana wa pamba, na kanga mbili kuukuu zilizoshonwa pande tatu hutosha kabisa, kisha huning'inizwa mbali na ukuta unaotoka jasho. Kuufua ni kazi ya siku tatu. Sabuni ya unga haifai, kwa kuwa huondoa mafuta ya asili yanayovipa vinyoya uhai. Hutumika sabuni laini kidogo katika beseni kubwa, mfuko ukikandwa bila kusokotwa, ukisuuzwa hadi maji yatoke safi, na ukinyanyuliwa kwa mikono yote miwili kutoka chini, maana ukishikwa upande mmoja uzito wa maji hupasua kuta nyembamba za ndani. Hutandazwa kivulini juu ya wavu, na kila baada ya saa chache mabonge ya vinyoya hupapaswa na kutenganishwa kwa vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua pamba. Mwanzoni huonekana kuwa umeharibika. Jioni ya siku ya pili huanza kupanda, na bonge lolote linalohisiwa siku ya tatu lina maana kwamba unyevu bado umo na kuvu itafuata.

Koti la mvua huteswa na imani kwamba kulifua ni kuliharibu. Koti linalopumua, la aina iliyotokana na ugunduzi wa Robert Gore wa mwaka 1969 wa kuvuta haraka plastiki ya PTFE hadi ikawa utando wenye vitundu vidogo mno, hutegemea pia dawa iliyopakwa nje ili matone yateleze. Jasho, moshi na mafuta ya ngozi vikiifunika dawa hiyo, kitambaa cha nje hulowa, mvuke wa mwili hukosa pa kutokea, na mvaaji hudhani koti linavuja. Kulifua kwa sabuni laini, kulisuuza sana na kulipitishia joto dogo kwa mujibu wa lebo huirudisha dawa kazini mara nyingi kabla haijahitajika mpya. Zipu nayo hufa kwa vumbi la majivu ya volkano, ambalo hukwangua kichwa chake kutoka ndani hadi taya zake zikaachana na meno yakafunguka nyuma yake. Mswaki mkavu kila jioni huahirisha siku hiyo, na ikifika, koleo ndogo inayobana kichwa kidogo kila upande, kidogo sana kwa kuwa kikipasuka hakuna la kufanya, humfikisha mtu nyumbani. Hema halipaswi kuachwa limesimama juani mchana kutwa, kwa maana mionzi ya jua huongezeka kadiri mtu anavyopanda, na nailoni nyembamba iliyopigwa na jua la ikweta misimu kadhaa huchanika kwa kuvutwa na vidole viwili.

Utunzaji huo unamhusu pia mtu ambaye mwenye kifaa hamjui. Mwisho wa safari za Kilimanjaro wageni wengi huwaachia wagumu makoti, viatu na mifuko ya kulalia, na mradi wa kuwasaidia wapagazi wa mlima huo uitwao KPAP, ulioanza mwaka 2003 na wenye ofisi mjini Moshi, huwaazima wapagazi bila malipo mavazi ya mlimani ambayo mengi yametolewa namna hiyo. Kwa hiyo koti jepesi lina maisha mawili, na la pili ndilo refu na gumu zaidi, kwa kuwa mvaaji wake hupanda mara nyingi kwa mwaka akiwa na kilo 20 juu ya shingo na hana la akiba begini. Koti ambalo utando wake umekwisha kubanduka, hata likitolewa kwa moyo mkunjufu, litamlowesha siku ya kwanza, msituni, kati ya lango na kambi.